Mkwe Asiyetazamwa Usoni

Nimeolewa na mtu asiyejua kukaa. Akila, anakula akizunguka meza. Akipiga simu, anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, mpaka mazungumzo yaishe au zulia liishe. Na kama kuna mpira ndani ya nyumba, na nyumba yetu haijawahi kukosa mpira, mguu wake utautafuta hata kama amembeba mtoto mikononi. Jirani wa ghorofa ya chini, pale Grand Prairie, nje kidogo ya Dallas, alipanda ngazi kutulalamikia mpaka akachoka, akatuzoea kama sote tulivyozoea ndege zinazoshuka juu ya paa letu. Mwanzoni nilidhani ni tabia. Baadaye nikaelewa kwamba ni kazi. Mtu aliyelipwa tangu ujana ili akimbie huwezi kumwambia leo kaa, naye akakaa.

Ni mchezaji wa mpira kutoka Honduras, pwani ya kaskazini, kwenye vijiji vya watu weusi wenye lugha yao na ngoma zao, na wanaopika samaki kwa tui la nazi. Mimi nilikuwa sijui kwamba upande ule wa dunia kuna watu kama hao. Siku niliyokutana naye nilikuwa nimekwenda Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi wa Dallas, kumtembelea rafiki yangu Mkongomani, na nilipotoka nikakuta gari la mtu limeziba langu. Mwenye gari alikuwa akicheza na watoto wa wakimbizi kwenye kipande cha nyasi katikati ya majengo. Nikampazia sauti kwa Kiswahili asogeze gari lake. Akanijibu kwa Kihispania. Nikaona huyu ni wale ndugu zetu wanaokaa Texas miaka miwili wakajifanya wamesahau lugha, nikampa vidonge vyake, avimeze au ateme. Watoto walicheka hadi wakaketi chini. Alisogeza gari, akarudi, akaniomba kwa Kiingereza cha kubahatisha nimtafsirie nilichosema. Sikumtafsiria. Mwaka uliofuata nikaolewa naye.

Kwa hiyo mpira wake mimi niliukuta jua limeshapita utosini. Yaliyotangulia nimeyapata kwa vipande, akiwa njiani kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kuna timu ya kwao iliyomtoa shuleni. Kuna msimu wa Guatemala, alikolala chumba kilicho chini ya jukwaa kwa sababu nyumba aliyoahidiwa haikuwepo. Kuna jezi ya taifa, aliyoivaa mara chache, na ambayo mama yake ameitundika ukutani karibu na Bikira Maria. Halafu Dallas, timu kubwa, nyasi zinazokatwa kila asubuhi, beki wa kushoto ambaye watu walianza kumjua. Halafu goti la kulia. Lilipasuliwa, likapona, akarudi akakuta nafasi yake ina mtu. Akashuka ligi ya chini, na huko goti likaondoka tena. Kila timu iliyomwacha ilimwacha kwa simu, au kwa kumwacha akute mwenyewe kabati lake lina viatu vya mwingine. Tulipooana alikuwa akifanya kazi ghalani, na Jumapili akicheza kwenye ligi za Walatino, kwenye viwanja vyenye mashimo, dhidi ya vijana waliotaka kwenda kusimulia kwamba wamemvunja fulani.

Daktari aliyempasua mara ya pili alituketisha wote wawili akatuambia bila kuzunguka: gegedu lililobaki ni kidogo. Goti likiumia tena atatembea, ndiyo, lakini kukimbia na mtoto wake asahau. Mtoto hakuwepo bado. Alipozaliwa binti yetu, maneno yale yakapata mwenyewe.

Mama yangu alikuja kwa ajili ya mtoto huyo, kama mama wa Kikenya wanavyokuja, na sanduku la unga wa wimbi na mboga zilizokaushwa ambazo maafisa wa uwanja wa ndege walizitazama kwa huzuni. Sasa, kwetu Bungoma, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawatazamani usoni. Na mama halali chini ya paa la mwanamume aliyemwoa bintiye. Wengi siku hizi wamelegeza. Mama yangu, mwalimu mkuu mstaafu, hajalegeza kitu tangu nimjue. Mchungaji wetu, Mkenya mwenzetu, alijaribu kumwambia kwamba Marekani mambo hayo hayana uzito. Mama alimwuliza kama heshima nayo huzuiwa uwanja wa ndege.

Basi ikabidi tupange. Usiku mama alilala kwa familia ya Wakenya jengo la pili, mchana akawa kwetu. Mume wangu akijua mama yumo ndani, alipiga hodi kwenye mlango wa nyumba anayoilipia yeye, akakohoa, akangoja, na mama akajiondokea kwenda chumba cha mtoto. Nyumba ya vyumba viwili, mlango mmoja. Kuna siku walizunguka kaunta ya jikoni kama watu wanaocheza kibe, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa adabu, nami nimesimama katikati na chupa ya maziwa nikijiuliza nani kanituma kusomea uuguzi badala ya diplomasia. Yeye hakulalamika hata siku moja. Alisema bibi yake naye alikuwa na miiko yake, na kwamba mwiko wa mtu humkalia mtu kama kovu, huwezi kumwambia aufute.

Walizungumza kupitia mtoto. Mama, amempa mkwe wake mgongo, humwambia mjukuu: mwambie baba yako ugali uko kwenye sufuria. Naye, akitazama dirisha: mwambie kukhu asante, kukhu ndiye bibi kwetu. Kiswahili chake alikipata kwa wale watoto wa Vickery Meadow, kwa hiyo ni Kiswahili cha Kongo kilichotiwa chumvi ya Kihispania, na mwalimu mkuu hakuweza kukiacha kipite hivihivi. Mtoto wa miezi mitatu alibebeshwa masahihisho mengi kuliko darasa zima. Nyumba ilikuwa na kelele, nami nilikuwa na furaha ya wasiwasi, ile ya mtu anayejua kwamba kuna kitu kinakuja.

Kikaja. Rafiki aliyecheza naye zamani Dallas alikuwa sasa kocha msaidizi kwenye timu moja ya Houston. Beki wao wa kushoto alikuwa ameuzwa, vijana waliokuwa wakijaribiwa hawakumridhisha mtu, wakahitaji mwenye kichwa kilichotulia kwa msimu mmoja. Njoo ufanye majaribio, akamwambia. Mume wangu alipokea simu hiyo akiwa sebuleni, akaizungumza hadi kwenye maegesho, akazunguka jengo lote, na aliporudi alikuwa ameloa jasho na anacheka. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mtoto azaliwe, na nasema kweli, hata siku ile ya kuzaliwa sina hakika.

Nilimwuliza kuhusu goti. Akasema ni zima, mwaka mzima halijauma. Mimi ni muuguzi, siamini maneno. Nikamlaza kwenye kochi, nikalikunja, nikalikunjua, nikalibonyeza pale ambapo mwenye kidonda huruka, macho yangu yakiwa usoni kwake. Hata kope haikucheza. Nikaridhika.

Ni mama aliyenitoa usingizini. Tulikuwa jikoni tukikata sukuma wiki, zile za majani mapana za huku, na mume wangu alikuwa ametoka kwenda kukimbia. Mama akasema bila kuinua kichwa kwamba baba wa mtoto anaumwa mguu wa kulia. Nikamwuliza ameona wapi, yeye ambaye hamtazami.

"Uso ndio sitazami," alisema. "Miguu je, niipite? Wiki zote hizi ndiyo ninayoona."

Na akanieleza kama anayesoma ripoti ya mwanafunzi. Kiatu cha kushoto anakivua amesimama. Cha kulia anakaa kwanza, na huyu si mtu wa kukaa. Ngazi anazipanda kwa mguu wa kushoto, wa kulia unafuata nyuma kama mtoto anayevutwa kwenda shule. Asubuhi, mama akiwa ameshafika kutoka alikolala, mkwe akitoka chumbani husimama kidogo, mkono ukutani, ndipo aanze kutembea. Nilisimama na kisu mkononi nikaona kila kitu alichosema, kwa sababu nilikuwa nimekiona pia, ila macho yangu yalikuwa yakipanda juu kila mara, usoni, na uso wa mchezaji wa mpira umefunzwa. Ukionyesha maumivu, mpinzani anajua upande wa kukushambulia, na kocha anajua nani wa kumtoa. Miaka kumi na saba, kumi na nane, alipokuwa bado mtoto, walishamfundisha kuumia kimya.

Aliporudi tuligombana. Nina ulimi mkali na yeye ana miguu, kwa hiyo ugomvi wetu ni mimi kusimama mahali pamoja nikisema na yeye kwenda na kurudi akijibu. Nilimwambia asini-fool na huo uso wake, goti linamuuma. Alikana. Nikamtajia kiatu, ngazi, ukuta. Alikana kidogo kidogo, kisha akaacha kukana. Nikamkumbusha daktari. Nikamwonyesha mtoto. Hapo akasimama, jambo ambalo si la kawaida.

"Kila timu imeniacha," alisema. "Nataka moja, moja tu, ambayo nitaiacha mimi."

Nilikuwa na hasira tu. Nilimwambia aende basi, akavunjikie huko. Asubuhi alipakia begi lake, akambusu mtoto, akaenda Houston.

Alikaa kwa binamu yake upande wa kusini wa mji, ambako watu wa kwao ni wengi, na alipopiga simu nilisikia ngoma na sahani nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea. Mazoezi mazuri, alisema. Joto. Vijana wana mbio lakini hawatazami. Goti zima. Nami nilikuwa nikienda zamu na kurudi, nikiendesha barabara zilezile, na kila simu ikilia nilijua ni hospitali ya Houston, ikawa ni mtu wa kanisa anauliza nani analeta chapati. Mama peke yake ndiye alikuwa ametulia. Mwenye nyumba akiwa hayupo, mwiko nao ulikuwa umesafiri, kwa hiyo alihamia kwetu na mifuko yake, akapanga upya kabati zangu zote, na jioni alimwombea mkwe wake kwa sauti ya kunisikilizisha. Hakuomba apate timu. Aliomba apate akili.

Majaribio yalikuwa yaishe kwa mechi ya Jumamosi asubuhi, dhidi ya timu ya chuo, na baadaye kocha angesema ndiyo au hapana. Nikaomba ruhusa kazini. Mama alisema mtoto hawezi kusafiri na dereva peke yake, akaketi mbele na mwavuli wake kabla sijasema lolote. Tulitoka alfajiri. Barabara ya kwenda Houston imenyooka, imejaa malori, na haina kitu cha kukusahaulisha kichwa chako. Mama alihesabu makanisa. Mimi niliendesha kwa kasi ambayo aliikemea kuanzia Ennis hadi Huntsville.

Uwanja wa mazoezi haukuwa na majukwaa. Upande mmoja kulikuwa na mabenchi ya timu na viti vichache vya familia, nikaketi hapo na mtoto. Mama alikataa. Mkwe wake angekuwa karibu na mabenchi hayo, angekuja kunywa maji, angemkuta. Akazunguka uwanja wote polepole, kwa viatu vyake vya kanisani, akaenda kusimama peke yake ng'ambo, chini ya mwavuli wake, mbali na kila mtu. Nilimwonea huruma na nikamcheka.

Alichokisahau, na mimi nilikisahau pia, ni kwamba mpira una vipindi viwili.

Kipindi cha kwanza beki wa kushoto alikuwa upande wangu. Nilimwona kwa karibu, na alikuwa mzuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Sikuwa nimemwona kwenye nyasi za maana kabla ya hapo. Hakukimbia sana. Alikuwa ameshafika. Winga wa chuo, kijana mwepesi sana, alikuja mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara alimkuta mume wangu amesimama mahali ambapo yeye alitaka kupita. Mpira ulimtoka mguuni ukaenda kulala kwa mwenzake bila hata kuruka. Nilisahau goti. Nilimwinua mtoto juu ili aone, na mtoto akalala.

Wakati wa mapumziko yule rafiki yake kocha msaidizi alinijia, akachuchumaa mbele ya kiti changu, akaniambia taratibu kwamba wameshaamua. Wanamtaka. Nisimwambie bado, kocha mkuu atamwambia mwenyewe. Vipimo vya daktari wiki ijayo. Nilimshukuru. Joto lile la Houston lilinikalia kama blanketi bichi, na sikujua kama nilichotaka ni kucheka au kumvuta yule mtu shati na kumwambia, mpimeni leo.

Wakabadilishana magoli. Beki wa kushoto akahamia ng'ambo, upande wa mwavuli.

Nilimwona mama akigundua. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha mwavuli mbele ya uso wake kama pazia. Mume wangu naye alipopita pale aligeuza kichwa kutazama katikati ya uwanja, hata mpira ulipokuwa kwingine. Watu wawili wazima wanaheshimiana katikati ya mechi. Halafu kulikuwa na kugongana. Halikuwa jambo kubwa, yule winga na yeye, bega kwa bega, mpira ukatoka nje. Mume wangu alianguka akainuka haraka, haraka mno, uso wake laini kama sahani. Mpira ulikuwa wa timu yake kurusha, na ulikuwa umebingirika hadi kwenye viatu vya kanisani vya mama yangu.

Alimwendea. Akasimama mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, akanyoosha mikono ili amrushie. Mama aliufunga mwavuli. Akainama, akauokota mpira. Lakini hakuurusha. Alitembea mpaka alipokuwa yeye, akaweka mpira mikononi mwake, mikono yake na ya mkwe wake kwenye mpira mmoja, akainua uso, akamtazama. Wachezaji wakaanza kupiga kelele kwamba muda unakwenda. Mwamuzi akapuliza filimbi. Wawili wale hawakusogea. Niliona kinywa cha mama kikifunguka mara moja, na cha mume wangu mara moja.

Kisha mume wangu akamrushia mwenzake mpira, akainua mkono kuelekea benchi, na akaanza kutembea. Alikata uwanja mzima kutoka ng'ambo kuja kwetu, mchezo umesimama, akichechemea waziwazi, kila hatua, mbele ya kila mtu. Alikuwa amechoka kuficha, sasa hakuficha kitu. Kocha mkuu alimwuliza kitu akatikisa kichwa, akampa mkono. Akampa kila mtu wa benchi mkono, hata kijana wa maji.

Mama nilimwuliza baadaye, tulipokuwa wawili chooni tukimbadilisha mtoto, ni nini alichomwambia. Alishangaa kwamba nauliza.

"Nilimwuliza kama anaumwa, akasema ndiyo. Kwani ninyi mlikuwa mnamwuliza nini?"

Nilikuwa nimemwuliza hilohilo, tena na tena, kwa lugha tatu. Niliona wivu, na sioni haya kusema. Lakini kwangu alikuwa na majibu yaliyokwisha kukomaa. Kwa mama hakuwa na hata moja. Hakuwahi kuhitaji kumdanganya mtu ambaye hajawahi kumtazama.

Rafiki yake alitufuata hadi kwenye gari, macho mekundu, akamwambia kilichoamuliwa. Mume wangu akauliza, tangu lini? Tangu half-time. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya ng'ombe aliyekwisha kumchinja. Wakakumbatiana, na sikuweza kutazama.

Niliendesha mimi. Yeye aliketi nyuma na mtoto, mguu umenyooshwa, barafu juu yake, na mama mbele, ameshika mwavuli mapajani, macho barabarani. Mwiko ulikuwa umerudi mahali pake kana kwamba haukuwahi kutoka. Nyumba ziliisha, miti mirefu ikaanza. Ndipo nikamsikia nyuma, kwa kile Kiswahili chake.

"Mwambie kukhu," alimwambia mtoto, "sasa mimi ni nani?"

Mtoto alikuwa amelala. Nikapita lori, nikapita jingine. Nilitaka kusema kitu kizuri, kwamba yeye ni baba, ni mume, na nikajua ni maneno ya kadi za kuuza dukani, nikayameza.

"Mwambie baba yako sijui," mama alisema mwishowe. "Siku ya kwanza baada ya kustaafu niliamka, nikaoga, nikavaa suti ya shule, nikachukua chaki. Nikafika langoni kwangu. Nikasimama. Sikujua kushoto wala kulia. Nikarudi nikamfokea kuku."

Kisha mume wangu akacheka, kile kicheko chake cha tumboni, na mama akacheka mbele, amegeukia dirisha lake, mabega yakitikisika. Nami nikacheka. Kile cha nyuma kiliendelea baada ya vyetu kuisha, na baada ya muda kikabadilika sauti, nikasikia kilipobadilika. Mama akaanza kuniuliza kwa sauti kubwa kuhusu bei ya mafuta. Nikamjibu kwa sauti kubwa vilevile, macho mbele, na kile kioo cha juu, cha kuonea waliokaa nyuma, sikukitazama mpaka tulipofika.